Somo kwa Vyama vya Msingi: Kukagua Springi na Shokapu za Gari la Chama



Vyama vyetu vimezoea kupima mizani kabla ya msimu kuanza, kuhesabu magunia ghalani, na kufunga vitabu kila mwisho wa mwezi. Lakini gari la chama, ambalo kwa vyama vingi ni mali ya thamani kubwa kuliko zote baada ya ghala lenyewe, hukaguliwa siku lilipoharibika tu. Hesabu za fedha tunazikagua ili tugundue kosa lingali dogo. Hapana budi gari nalo tulikague kwa sababu hiyo hiyo.

Somo hili lahusu sehemu moja ya gari, nayo ni ile inayobeba mzigo: springi, shokapu na viungo vyake. Tumeichagua sehemu hii kwa sababu ubovu wake una ujanja. Injini ikiharibika gari hukataa kuwaka, na kila mtu hujua. Jani moja la springi likipasuka, gari huendelea kutembea, pengine kwa majuma mengi, likibeba mbolea na mazao na watu, huku hasara ikikaribia kila safari.

Madhumuni ya somo si kumfanya Katibu kuwa fundi. Ni kumwezesha kujua mambo matatu: nini cha kuangalia, nini cha kumwuliza fundi, na wakati gani wa kuliambia gari lisitoke.

1. KISA CHA CHAMA KIMOJA

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa, ambacho hatutakitaja jina, kilikuwa na pikapu ya tani moja. Wakati wa kugawa mbolea, dereva alimweleza Katibu kwamba gari linagonga nyuma kila lipitapo shimo, na kwamba limeanza kwenda upande. Katibu alijibu kwamba mbolea imalizike kwanza. Hakuna kilichoandikwa. Baada ya siku tatu dereva alikumbusha. Akaambiwa kwamba dereva aliyemtangulia alikuwa akibeba mzigo mzito zaidi bila kulalamika.

Siku ya tano gari lilikuwa likiteremka mlima likiwa na mifuko 24 ya mbolea, na wanachama wawili wameketi juu ya mifuko. Bolti ya kati ya springi ya nyuma ilikatika. Ekseli ikasogea upande mmoja, nyuma ya gari ikatupwa, na gari likaingia mtaroni. Mwanachama mmoja alivunjika mguu. Mifuko kadhaa ilipasuka na mvua ikainyeshea. Gari lilikaa gereji majuma matatu, na chama kikalazimika kukodi lori katikati ya msimu kwa bei ambayo mwenye lori aliitaja na chama hakikuwa na nafasi ya kuibishia.

Bodi ilipokutana, swali la kwanza lilikuwa: nani wa kulaumiwa? Wajumbe wengi walimgeukia dereva. Dereva alisema kwamba alitoa taarifa mara mbili. Katibu hakukana, lakini hapakuwa na karatasi ya kuonyesha taarifa hizo zilitolewa lini wala zilijibiwa nini.

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka kwa fundi. Aliweka mezani vipande viwili vya bolti iliyokatika. Nusu ya mkato ilikuwa na kutu, na nusu nyingine iling'aa. Maana yake ni kwamba bolti ilianza kupasuka siku nyingi kabla, na siku ya ajali ilimalizia tu. Alionyesha pia kwamba yubolti zilizopaswa kuibana springi kwenye ekseli zilikuwa zimelegea kwa muda mrefu, maana mahali zinapokutana na chuma palikuwa pamesuguliwa hadi pakang'aa. Kuzikaza kungehitaji spana na muda usiozidi nusu saa.

Ndugu wasomaji, kisa hiki ndicho msingi wa somo letu. Chama hicho kilikuwa na fundi, kilikuwa na fedha, na kilikuwa na dereva mwenye macho. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuyafanya maneno ya dereva yawe kazi ya chama.

2. KAZI YA SPRINGI NA SHOKAPU

Pikapu nyingi za kazi zina springi za majani upande wa nyuma, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu zaidi kikiwa juu. Mbele, aina nyingine zina springi za majani pia, na nyingine zina springi za mviringo au chuma kirefu kinachopindika kama kamba inayosokotwa. Kwa vyovyote vile kazi zake ni tatu.

Kazi ya kwanza ni kubeba uzito. Watu wengi huijua hii peke yake.

Kazi ya pili ni kulibakiza tairi ardhini. Breki hazisimamishi gari, husimamisha gurudumu. Kinachosimamisha gari ni mpira wa tairi unaoshika barabara. Tairi linaporukaruka juu ya mawimbi ya barabara ya changarawe, kwa muda lilipo hewani halishiki chochote, na dereva akikanyaga breki au akikata usukani wakati huo, gari halimtii ipasavyo.

Kazi ya tatu ndiyo isahaulikayo. Springi za majani ndizo zinazoishika ekseli mahali pake. Katikati ya kila springi ipo bolti inayopita katika majani yote, ambayo mafundi huiita senta bolti. Kichwa chake huingia katika tundu dogo la kikalio cha ekseli, na hivyo kuizuia ekseli isisogee mbele wala nyuma. Lakini bolti hii haikuwekwa ili istahimili nguvu yote hiyo peke yake. Nguvu yapaswa kubebwa na mbano wa yubolti, zile bolti zilizopinda mfano wa herufi U. Yubolti zikilegea, mzigo wote wa kuizuia ekseli huangukia kijibolti kimoja, nacho hukatika. Hivi ndivyo ilivyokuwa katika kisa chetu.

Shokapu nazo zina kazi yao. Springi ikibonyezwa na kuachwa hurudi, ikapita kiasi, ikarudi tena, kama bembea. Shokapu ndiyo inayoituliza bembea hiyo. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo. Mpito huo huugeuza mtikisiko kuwa joto, na joto hutoka kwa hewa inayopita. Kwa hiyo shokapu haibebi mzigo. Gari lililolala nyuma kwa uzito halitainuliwa na shokapu mpya za kawaida, na Katibu anayeambiwa hivyo na muuzaji ana haki ya kuuliza zaidi.

3. DALILI AMBAZO DEREVA HUZIONA KWANZA

Dereva hukaa na gari siku nzima. Yeye ndiye mkaguzi wa kwanza, na masikio yake yana thamani. Kila Katibu amwulize dereva wake maswali yafuatayo mara kwa mara, bila kungoja aambiwe:

(a) Je, gari limelala upande mmoja hata likiwa tupu?

(b) Je, laendelea kuyumba juu na chini baada ya kupita shimo, badala ya kutulia mara moja?

(c) Je, kuna mlio wa chuma kugonga chuma, nyuma au mbele, hasa kwenye mashimo madogo?

(d) Je, gari lavuta upande mmoja, au usukani hauko katikati linapokwenda moja kwa moja?

(e) Je, usukani watetemeka, au una ulegevu kabla ya magurudumu kuitikia?

(f) Je, matairi yanalika vibaya: upande mmoja tu, au kwa mabaka mabaka yenye mabonde? Mabaka hayo mara nyingi ni alama ya tairi linalorukaruka kwa sababu ya shokapu iliyokufa.

(g) Je, likipakiwa, taa za mbele zaelekea juu mitini na usukani huwa mwepesi kupita kawaida?

Dalili moja haitoshi kumhukumu mgonjwa. Gari laweza kuvuta upande kwa upepo mdogo wa tairi au kwa breki iliyokamata. Kwa sababu hiyo pimeni upepo kwanza, kisha mwendelee na ukaguzi.

4. UKAGUZI WA MWEZI, HATUA KWA HATUA

Ukaguzi huu ufanywe mara moja kila mwezi, na mara moja zaidi kabla ya msimu wa kubeba mazao au mbolea. Unahitaji watu wawili, futikamba, kamba ndefu, tochi, nyundo ndogo, nondo fupi, jeki, magogo imara na daftari. Gari liwe tupu, limesimama mahali tambarare na pagumu. Tieni gia, vuteni breki ya mkono, na wekeni mawe au vipande vya miti mbele na nyuma ya magurudumu.

ONYO: Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kukalia. Gari likishainuliwa lishushwe juu ya magogo au stendi imara kabla ya mkono wa mtu kupita chini yake.

Hatua ya kwanza: Pimeni kimo. Kwa kila gurudumu pimeni kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Andikeni vipimo vyote vinne. Tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto si ajabu, kwa kuwa tangi la mafuta na vifaa vingine vina uzito. Jambo la kuangalia ni mabadiliko. Kama mwezi uliopita nyuma kushoto palikuwa sentimeta 58 na leo ni 55, hali upande wa kulia haujabadilika, basi kuna kilichochoka au kilichovunjika upande huo. Hii ndiyo faida ya daftari: kipimo kimoja peke yake hakisemi kitu, bali vipimo vya miezi sita husema mengi.

Hatua ya pili: Pimeni kwa kamba. Hakikisheni kwamba magurudumu ya mbele yametazama mbele sawasawa. Vuteni kamba kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma upande wa kushoto, mweke alama, kisha muipeleke kamba hiyo hiyo upande wa kulia. Urefu wapaswa kulingana. Ukitofautiana kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, ekseli imesogea au kuna kilichopinda. Njia nyingine ni kulipitisha gari kwenye majimaji kisha kuliendesha polepole, moja kwa moja, mahali pakavu. Nyayo za magurudumu ya nyuma zikiwa zimetoka upande mmoja kuliko nyayo za mbele, gari linakwenda kama kaa. Hatua hii haina gharama hata senti moja, na ingelitosha kukiokoa chama tulichokitaja.

Hatua ya tatu: Tazameni majani ya springi. Yasafisheni udongo kwanza, maana udongo huficha mengi. Mulikeni kwa tochi mkitafuta mpasuko, hasa karibu na bolti ya kati na kwenye ncha zilizokunjwa kupitisha pini. Mstari mwembamba wa kutu unaokatiza jani mara nyingi ni mpasuko. Angalieni kama jani limechomoza upande kuliko wenzake, na kama vikuku vinavyoyafunga majani pamoja vipo na vimebana.

Hatua ya nne: Kagueni yubolti. Jaribuni nati kwa spana, na mgonge kidogo kwa nyundo mkisikiliza: iliyokaza hutoa mlio mkali, iliyolegea hutoa mlio uliopooza. Mng'ao wa msuguano au unga mwekundu wa kutu kwenye maungano ni ushahidi kwamba vyuma vinacheza. Kiasi cha kukaza hutajwa katika kitabu cha gari, fundi akifuate. Tena, springi ikifunguliwa na kufungwa upya, yubolti hukazwa mara ya pili baada ya safari chache za mwanzo, kwa maana vyuma hujipanga na kulegea.

Hatua ya tano: Bushi na pini. Springi hufungwa kwenye chasisi kwa ncha zake mbili, na moja ya ncha hizo huning'inia kwenye mkono mdogo ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobonyezwa. Ndani ya matundu hayo mna bushi. Pachikeni nondo kati ya springi na mkono huo na mjaribu kuisogeza. Ikicheza kwa kugonga, bushi imekwisha. Kama ni ya mpira, itazameni kama imepasuka au imebonyea upande mmoja. Mahali penye nipeli pawekwe grisi; lakini bushi za mpira zisipakwe grisi wala oili kwa nia njema, kwani mafuta hayo huweza kuuozesha mpira.

Hatua ya sita: Shokapu. Ukungu mwembamba wa mafuta kwenye shokapu waweza kuvumiliwa; shokapu iliyolowa na kuchuruzika imekufa. Angalieni mbonyeo kwenye bomba lake, na mipira ya kufungia juu na chini. Kuna njia ya kulikandamiza gari kwenye pembe moja na kuliachia, mkitazama kama linatulia mara moja. Njia hii inafaa zaidi mbele. Nyuma ya pikapu ya mzigo springi ni ngumu, na mtu hulikandamiza asipate jibu. Huko nyuma fanyeni hivi: gari likirudi kutoka safari ya barabara mbaya, sogezeni mkono kwa uangalifu karibu na kila shokapu. Zilizofanya kazi zitakuwa na joto. Ile iliyo baridi kati ya zenye joto haikufanya kazi.

Hatua ya saba: Mbele. Baada ya gurudumu kuinuliwa na gari kukalishwa juu ya magogo, shikeni tairi juu na chini na kulitikisa, kisha kulia na kushoto. Likicheza juu na chini, huenda beringi imelegea au boljointi imechoka. Likicheza kulia na kushoto tu, shaka iko kwenye tairodi na viungo vya usukani. Katika magari mengine boljointi hubanwa na springi hata likiwa limeinuliwa, hivyo ulegevu usionekane. Kupima kwa uhakika ni kazi ya fundi. Ninyi andikeni mlichokiona, naye aseme sababu. Ulegevu wowote wa boljointi au wa usukani hausubiri msimu uishe.

Hatua ya nane: Mipira ya kugotea. Kati ya ekseli na chasisi huwekwa kipande cha mpira ili vyuma visigongane springi inapofika mwisho. Kama mpira umetoweka, au chuma kinang'aa mahali pa kugongana, gari limekuwa likizidishiwa mzigo. Hapa gari limetoa ushahidi wake lenyewe, na ushahidi huo wawahusu wapakiaji, si fundi.

5. HESABU YA MZIGO

Neno "tani moja" limeviponza vyama vingi. Kilo zinazoruhusiwa ni za kila kitu kinachopandishwa garini, pamoja na watu. Tazameni kibandiko cha gari au kitabu chake. Toeni uzito wa gari tupu katika uzito wa juu unaoruhusiwa, na kinachobaki ndicho mzigo.

Tuchukue mfano wa gari ambalo mzigo wake wote ni kilo 1,000. Ndani wamo dereva, utingo na karani wa chama, ambao kwa pamoja tukadirie kuwa ni kilo 210. Zimebaki kilo 790. Mfuko wa mbolea ni kilo 50. Mifuko 15 ni kilo 750, na kilo 40 zinazobaki ni za vifaa, maji na turubai. Kwa hiyo jibu ni mifuko 15, wala si 20. Chama cha kisa chetu kilipakia mifuko 24, ambayo ni kilo 1,200 kabla ya kuhesabu mtu hata mmoja.

Tena, uzito huo ni wa gari lililosimama. Gari likiingia shimoni kwa mwendo, mzigo hushuka kwa kishindo, na nguvu inayoipiga springi huzidi sana uzito wa mizani. Ndiyo sababu kupunguza mwendo kwenye barabara mbaya ni sawa na kuushusha mzigo.

Mahali pa kuweka mzigo nako kuna hesabu yake. Mifuko ipangwe kuanzia nyuma ya kebini, mizito iwe chini. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, ekseli hugeuka kuwa egemeo na gari huwa kama mizani: nyuma hushuka, mbele huinuka, na matairi yanayoongoza gari hupoteza uzito wa kuyashikisha barabara.

Mtu asipande juu ya mzigo. Sharti hili lisiwe na mwenyekiti wala ndugu wa kusamehewa.

6. MATENGENEZO YANAYODANGANYA

Lipo tatizo la kupenda njia za mkato. Tuzitaje zile zinazoonekana mara nyingi.

Kuongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi. Ni kweli kwamba gari halitalala tena. Lakini breki ni zile zile, matairi ni yale yale, ekseli, beringi na chasisi ni vile vile. Kilichoondolewa ni ile dalili ya kulala tu, na mzigo umebaki. Isitoshe, springi ngumu kupita kiasi hulirusha gari likiwa tupu na kuupeleka mtikisiko wote kwenye chasisi, ambayo huanza kupasuka. Majani yaongezwe tu pale gari linapotumika ndani ya uzito wake ulioruhusiwa na fundi mwenye ujuzi ameeleza sababu kwa maandishi.

Kuchomelea jani lililovunjika. Chuma cha springi hupewa ugumu na unyumbufu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu. Moto wa kuchomelea huiharibu hali hiyo, na jani hukatika tena kandokando ya kiungo. Jani lililovunjika hubadilishwa.

Kukata kipande cha tairi kuwa bushi, au kugongomea gogo kati ya ekseli na chasisi. Mambo haya huweza kulifikisha gari nyumbani, polepole na bila mzigo. Kesho yake gari liende gereji. Gongo la mgonjwa halimfanyi kuwa mzima.

Kubadilisha shokapu moja. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto za ekseli moja, ili gari lisiwe na tabia mbili. Springi nazo, mkibadilisha upande mmoja, fundi aulinganishe upande wa pili kabla gari halijatoka.

7. WAJIBU WA KILA MMOJA

Dereva aandike. Kila siku ajaze mstari mmoja katika daftari la gari: kilomita, mzigo, na ubovu aliouona. Kama hakuna ubovu aandike "hakuna". Asiyeweza kuandika vizuri aandikiwe na karani kisha atie sahihi.

Katibu ajibu. Kila ubovu ulioandikwa upate jibu la maandishi siku hiyo hiyo: gari liende gereji, au liendelee kwa sababu kadha, na sahihi ya aliyeamua. Mkono huwa mzito kutia sahihi chini ya maneno "liendelee na kazi" wakati juu yake pameandikwa "linakwenda upande". Uzito huo wa mkono ndio tunaoutafuta.

Bodi itenge fedha. Katika makisio ya mwaka pawe na kifungu cha matengenezo ya gari, kisichochanganywa na mafuta. Bodi itoe pia azimio kwamba dereva aliyekataa kuliondoa gari kwa sababu ya ubovu alioueleza hatakatwa mshahara wala kukaripiwa hadi fundi atakapolikagua. Pasipo azimio hilo daftari litajaa neno "hakuna".

Gereji itoe hesabu. Kabla ya kazi, chama kipate orodha ya vitakavyobadilishwa na bei zake. Baada ya kazi, vipuri vya zamani virudishwe kwa chama na vionekane na Katibu pamoja na mjumbe mmoja wa Bodi. Utaratibu huu haumtuhumu fundi, bali humlinda fundi mwaminifu. Tena huwafundisha wajumbe, kwa maana aliyeishika mkononi bushi iliyokwisha ataitambua siku nyingine.

Mwanachama naye ana wajibu. Anaposisitiza kwamba gunia lake lipande leo hata kama gari limejaa, anaipakia hasara ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa watakaoilipa. Gari la chama halina mwenyewe mwingine.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yataka gari litumikalo barabarani liwe katika hali nzuri. Lakini askari wa barabarani huliona gari kwa dakika chache. Chama huishi nalo mwaka mzima, na hakiwezi kumwachia askari kazi ya kulijua.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari la chama chetu ni kilo ngapi, na likiwa tupu lina kilo ngapi? Nani kati yetu alikuwa anajua kabla ya leo?

2. Kwa hesabu hiyo, gari letu lapaswa kubeba magunia mangapi ya zao letu likiwa na watu watatu? Katika msimu uliopita lilibeba mangapi?

3. Mara ya mwisho dereva wetu alipoeleza ubovu, taarifa yake iliandikwa wapi, na ilijibiwa na nani?

4. Kama gari letu likikaa gereji majuma matatu katikati ya msimu, chama kitatumia kiasi gani kukodi usafiri? Linganisheni jibu lenu na bei ya shokapu mbili na yubolti nne katika duka la vipuri lililo karibu nanyi.

5. Katika kisa tulichosoma, kama mngekuwa Bodi ya chama kile, mngeamua nini juu ya dereva, juu ya Katibu, na juu ya mwanachama aliyevunjika mguu?

Swali la tano halina jibu moja, na kila kikundi kilijadili kwa uangalifu. Bodi ya chama kile ilimwacha dereva kazini, ikamtaka Katibu aanzishe daftari, na ikagharimia matibabu ya mwanachama. Daftari hilo lipo hadi leo. Katika ukurasa wake wa kwanza vimeandikwa vipimo vinne vya kimo cha gari na urefu wa kamba mbili, na chini yake zimo sahihi za dereva na Katibu.

Kila chama chenye gari kianze ukurasa wake wa kwanza kabla ya mwezi huu kwisha.